Muuguzi wa Jamii na Afya ya Mazingira: Mafundisho kwa Familia za Mlandizi

Uuguzi wa jamii ni sehemu ya uuguzi inayomfuata mtu nyumbani kwake kabla hajalazwa hospitalini. Muuguzi wa jamii hamtazami mgonjwa peke yake. Hutazama pia kisima anachochota, choo anachotumia, jiko analopikia na dimbwi lililo nyuma ya nyumba. Florence Nightingale, katika kitabu chake cha mwaka 1859 kuhusu uuguzi, alitaja mambo matano yanayoifanya nyumba kuwa ya afya: hewa safi, maji safi, mifereji ya majitaka, usafi na mwanga. Orodha hiyo haijachakaa.

Kwetu Mlandizi jambo la kwanza ni maji. Mto Ruvu hupokea maji ya milima ya Uluguru, na mtambo wa Ruvu Juu ulio hapa kwetu huyasafisha na kuyasukuma hadi Dar es Salaam. Hata hivyo, si kila nyumba iliyo jirani na bomba kubwa ina bomba lake. Wapo wanaotegemea visima vifupi na madumu ya wauza maji. Mwaka 2022, kina cha Ruvu kiliposhuka kwa ukame, jiji lilipata maji kwa mgawo. Nyakati kama hizo watu huchota popote panapopatikana. Mvua nazo zikizidi, mafuriko huchukua uchafu wa vyooni na kuufikisha visimani. Hivyo ukame na mafuriko, ingawa vinapingana, huleta ugonjwa uleule.

Ugonjwa huo ni kipindupindu, nao si mgeni katika pwani hii. Daktari James Christie, aliyefanya kazi Zanzibar, alichapisha mwaka 1876 kitabu kizima kuhusu milipuko yake katika Afrika ya Mashariki, akionyesha jinsi ulivyosafiri pamoja na misafara ya biashara. Agosti 2015 uliibuka tena Dar es Salaam na kuenea katika mikoa mingi ya nchi. Mlandizi ipo kando ya barabara kuu ya Morogoro. Kinachosafiri na watu kitapita kwetu.

Mgonjwa wa kipindupindu hufa kwa kupungukiwa maji mwilini, wakati mwingine ndani ya saa chache. Apewe mara moja maji ya chumvichumvi yanayotolewa zahanati. Yasipopatikana, lita 1 ya maji yaliyochemshwa ichanganywe na vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, naye anyweshwe njiani akipelekwa kituo cha afya. Tunasema hili kwa uchungu, kwani sisi mapadre huitwa mara nyingine kumpaka mgonjwa mafuta kabla hajaonwa na mhudumu yeyote wa afya. Sakramenti haishindani na dawa. Tuiteni, lakini gari lisisubiri.

Tukiri pia kwamba misiba yetu imo hatarini. Ndoo moja, kikombe kimoja na mikono iliyonawishwa katika beseni moja vyaweza kugeuza matanga kuwa chanzo cha matanga mengine. Maji ya kunawa yamiminwe, yasichovywe.

Tishio jingine ni homa ya dengi, iliyoisumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019. Mbu wake huuma mchana na huzaliana katika maji yaliyotuama: matairi, vifuu, mapipa yasiyofunikwa. Chandarua cha usiku pekee hakitoshi. Mwenye homa ambaye kipimo kimeonyesha hana malaria asinunue dawa ya malaria kwa kubahatisha, wala asimeze aspirini, maana huongeza hatari ya kutokwa damu. Hapo Kibaha kipo kiwanda cha viuadudu vya kuua viluwiluwi wa mbu, lakini hakuna kiuadudu kitakachofunika pipa la jirani yako.

Papa Fransisko, katika waraka wa Laudato si' wa mwaka 2015, alifundisha kwamba kupata maji safi ya kunywa ni haki ya msingi ya kila mtu. Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, zinazokutana nyumba kwa nyumba, zinafahamu palipo na kisima kibovu kuliko ofisi yoyote. Tangu mwaka 2024 serikali inatekeleza mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Mhudumu wa kitongoji chenu apokelewe katika sala ya jumuiya, apewe nafasi ya kusema, na aelezwe bila kuficha nyumba zenye watu wanaoharisha. Asipopatikana, namba 199 ya Wizara ya Afya hupigwa bila malipo.