Nusu Saa Isiyohesabiwa: Kuhusu Nidhamu ya Mwandishi wa Riwaya

Panapozungumzwa nidhamu ya mwandishi, jina la Anthony Trollope halikosi kutajwa. Mwingereza huyu alifariki mwaka 1882 akiacha riwaya 47, na hadi 1867 aliandika huku akiwa mtumishi wa Posta. Tawasifu yake, iliyotoka mwaka 1883, inaeleza bila kificho: saa kumi na moja na nusu alfajiri yuko mezani, saa ya mfukoni mbele yake, akijidai maneno 250 kila robo saa. Idadi ya kurasa za kila siku aliiandika katika daftari ili siku ya uvivu imsute. Hakuona haya hata kujilinganisha na fundi viatu, jambo lililowaudhi wanaoamini kuwa sanaa hushuka tu.

Nadhani wanaomsifu na wanaombeza wamenasa mahali pamoja: kwenye hesabu. Katika saa zake tatu za alfajiri, nusu saa ya kwanza Trollope hakuandika lolote jipya. Alisoma aliyoyaandika jana yake, akiyapima kwa sikio. Hoja yangu ni kwamba tija yake ilianzia hapo.

Riwaya ni ndefu kuliko kumbukumbu ya anayeiandika. Aliyeshinda ofisini, akarudi na daladala jioni, akaikuta hadithi baada ya siku nne, huwa mgeni ndani yake. Ataandika, na maneno yatatimia. Lakini shangazi aliyekuwa mjane katika sura ya pili atakutwa sura ya saba mumewe akipokea wageni barazani. Na mzee wa Kipemba aliyeanza kwa lafudhi yake, kurasa tatu mbele atazungumza kama msoma taarifa ya habari. Wahariri wanaijua miswada ya aina hii. Bidii imo tele. Kilichokosekana ni mwendelezo, na huo hauonekani katika idadi ya maneno. Kinyume cha miswada hiyo utakiona katika riwaya za Muhammed Said Abdulla: kuanzia Mzimu wa Watu wa Kale (1960) hadi Kosa la Bwana Msa (1984), msomaji anamtambua yuleyule mpelelezi wake, Bwana Msa.

Tuzo zetu za uandishi, ile iliyoanza kwa jina la Mabati-Cornell na ile ya Mwalimu Nyerere, zimewaamsha wengi, na ni vyema. Hata hivyo, tarehe ya mwisho humsukuma mtu kumaliza mswada mmoja. Haimpi desturi ya kubaki nayo dirisha la tuzo likishafungwa. (Uandishi wa zimamoto, tukubali, una raha yake.)

Pingamizi zito ni jingine. Kusoma nyuma kumewaua waandishi wengi: sura ya kwanza imesuguliwa miaka mitatu, ya pili haijazaliwa. Ni kweli, lakini Trollope aliwekea mipaka usomaji wake kama alivyouwekea uandishi: kazi ya jana tu, na saa ikitazama. Anayerudi mwanzo kila siku anajificha asikutane na ukurasa mtupu.

Wala saa tatu si sharti. Mwenye dakika 40 kabla watoto hawajaamka atumie 10 kuusoma ukurasa wa jana kwa sauti ya chini, penye jina au umri uliopishana asahihishe, kisha zilizobaki aandike bila kurudi nyuma.