Ocean Road: lango lilifunguliwa, safari ikabaki

Ukipita ufukweni Dar es Salaam, si mbali na Ikulu, utaliona jengo jeupe la zamani. Wajerumani walilijenga miaka ya 1890 liwe hospitali ya Wazungu. Waafrika na Wahindi walikuwa na yao, ile ya Sewa Haji, iliyojengwa kwa fedha za mfanyabiashara Mhindi mwenye jina hilo. Waingereza walipoingia, ubaguzi ukaendelea.

Baada ya uhuru lango la Ocean Road likawa la wote. Kwa muda likawa hospitali ya wazazi (huenda mama yako alizaliwa humo, muulize bibi). Baadaye ikaanza tiba ya mionzi, na mwaka 1996 ikawa taasisi kamili ya saratani.

Basi ubaguzi si umekwisha? Rangi ndiyo, ila umbali ukachukua nafasi yake. Saratani inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania ni ya mlango wa kizazi, na mionzi yake haitolewi siku moja ukarudi nyumbani. Hutolewa kidogo kidogo, karibu kila siku, kwa wiki tano hivi. Kwa miaka mingi mashine zilikuwa Dar tu, kabla Bugando ya Mwanza haijapata zake. Mkulima wa Kigoma, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapo, hata akipata nauli, atalala wapi? Watoto abaki nao nani? Shamba je?

Tunapenda kusema wanawake hawa "wanachelewa". Neno hilo linaniudhi, kusema kweli. Kirusi cha HPV mara nyingi huchukua miaka 10 au zaidi kuleta saratani. Kipindi chote hicho muuguzi akipaka siki kwenye mlango wa kizazi, sehemu zenye dalili hugeuka nyeupe, na zinaweza kutibiwa mapema. Miaka 10! Sasa nani kachelewa, yeye au huduma?

Mwaka 2018 chanjo ya HPV ilianza kutolewa nchi nzima kwa wasichana wa miaka 14. Hao leo ni watu wazima, wengine wana watoto. Lakini chanjo haiondoi kirusi kilichokwisha kuingia, kwa hiyo mama zao bado wanahitaji siki, taa, na muuguzi aliyefundishwa, kwenye zahanati wanayoweza kuifikia kwa miguu.