Mungu Kwanza: Kahawa, Sista Leonella na Sisi wa Nkubu



Wapendwa, jubilei tunayosoma katika Kitabu cha Walawi, sura ya 25, haikuwa karamu tu. Mwaka huo shamba lililouzwa lilirudi kwa mwenyewe, mtumwa akaachiliwa huru, na watu wakakumbushwa kwamba ardhi ni mali ya Mungu. Basi tunapoadhimisha jubilei ya kwaya yetu, yafaa tujiulize mali imepita vipi mikononi mwetu.

Wazee wetu wa Meru, pamoja na wenzao wa Embu na Kisii, walikuwa Waafrika wa kwanza nchini kuruhusiwa kupanda kahawa, katika miaka ya 1930. Kabla ya hapo zao hilo lilikuwa la walowezi. Mwaka 1975 baridi kali iliharibu mashamba ya Brazil, bei ikapanda duniani kote, na kufikia 1977 kahawa ilileta pesa nyingi vijijini. Karo ililipwa, nyumba zikajengwa. Lakini Julai 1989 mkataba wa kimataifa wa kahawa ulivunjika na bei ikaporomoka. Wengi Imenti wakageukia ndizi. Aliyekuwa ameweka tumaini lake lote katika madebe ya buni alibaki na nini?

Miaka hiyohiyo, katika Hospitali ya Consolata hapa Nkubu, aliishi mtu mwenye hesabu tofauti. Sista Leonella Sgorbati, aliyezaliwa Italia mwaka 1940, alifika Kenya mwaka 1970. Kuanzia 1985 alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya wauguzi ya hospitali hiyo. Mwaka 1993 masista wa Consolata nchini walimchagua kuwa mkuu wao, lakini cheo hakikumfunga. Mwaka 2001 alikwenda Mogadishu, mji uliovunjwa na vita, kutafuta njia ya kuanzisha shule ya wauguzi, nayo ikafunguliwa mwaka uliofuata. Tarehe 17 Septemba 2006 alipigwa risasi akitoka kufundisha. Mlinzi wake Mwislamu, Mohamed Mahamud, alikufa pamoja naye. Sista alikata roho akitamka msamaha. Tarehe 26 Mei 2018, huko Piacenza, alitangazwa Mwenye Heri.

Hakuacha shamba wala akaunti ya benki. Aliacha wauguzi. Huenda wewe unayesoma kijitabu hiki ulipokelewa duniani na mikono aliyoifundisha yeye.

Hatusemi pesa ni dhambi. Hospitali yahitaji dawa, na kwaya yahitaji kinanda na sare. Swali ni nani anayetangulia. Hata kwaya hujaribiwa: Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi alikataa fedha alizotoa Rais katika kanisa la Soweto, zikiwemo za kwaya. Sisi pia siku moja tutaletewa bahasha, na mwenye bahasha atataka wimbo wake.

Wanakwaya wenzangu, tuamue leo, kabla bahasha haijafika. Wimbo wetu ni sadaka, na sadaka haiuzwi. Kahawa itapanda na kushuka. Mungu abaki wa kwanza.

Mwenye Heri Leonella, utuombee. Heri ya Jubilei!