Kitu Kidogo cha Datsun

Mzee mmoja wa mtaa tuliokulia ana Datsun 240Z. Inakaa nyuma ya nyumba chini ya mabati, imefunikwa turubai, na kila Jumapili akitoka kanisani anaifunua na kuwasha injini dakika kumi hivi. Mwaka jana aliniita niiangalie. Mimi si fundi. Niliacha uhandisi mwaka wa pili karo iliponishinda, na siku hizi nakula kwa kuandika. Lakini mtaani ukishasomea uhandisi hata muhula mmoja, wewe ni injinia mpaka uzikwe.

Shida ilikuwa gia. Mkono wa gia ulikuwa unacheza kama kijiko ndani ya kikombe kitupu. Ukiweka ya pili hujui kama umeingiza ya pili ama ya nne. Gereji moja ilikuwa imemwambia giaboksi yote imekwisha, na nyingine lazima iagizwe ng'ambo. Bei aliyotajiwa ingelipa karo niliyoshindwa nayo. Wakati huohuo kulikuwa na broka mwenye mteja Ulaya, mtu anayekusanya magari ya zamani. Mzee alikuwa ameshakubali moyoni.

"Gari isiyotembea ni picha tu," akaniambia. "Wacha iende."

Sasa, kwa sisi wa rika langu, Safari Rally ni Naivasha. Ni foleni, vumbi, nyama choma na muziki mpaka kuche. Tuliijua vizuri iliporudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, baada ya kukosekana tangu 2002. Lakini hii kitu ilianza 1953, na kwa miaka mingi ilikimbiwa kwenye barabara za kawaida, maelfu ya kilomita, msimu wa Pasaka mvua ikiwa imeshaanza. Ungepiga kona kwa kasi ukutane na ng'ombe, lori ama mto uliovunja kingo.

Kampuni za magari zilikuja hapa kwa sababu moja: gari likifika mwisho, hakuna mtu mahali popote atakayeuliza kama ni gumu. Datsun walilielewa hilo mapema. Mwaka 1970 walishinda na 1600 SSS iliyoendeshwa na Edgar Herrmann, Mjerumani aliyekuwa anaishi Kenya, akiwa na Hans Schüller. Mwaka 1971 wawili hao wakarudi na gari jipya, 240Z, lenye boneti ndefu na injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja. Wakashinda tena. Nafasi ya pili ikachukuliwa na 240Z nyingine, ya Shekhar Mehta na Mike Doughty.

Mehta alizaliwa Uganda. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia, watu wakaacha maduka, nyumba na makaburi ya wazazi wao. Pasaka iliyofuata, 1973, Mehta akiwa na Lofty Drews alishinda Safari ndani ya 240Z. Alimaliza akiwa na pointi za adhabu sawa kabisa na Harry Källström, aliyekuwa kwenye Datsun nyingine, na ushindi ukaamuliwa kwa kuangalia nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu. Mehta aliishia kushinda Safari mara tano.

Mzee wangu alikuwa kijana wakati huo. Alisimama kando ya barabara, akapakwa matope na gari la Mehta, na akaapa atanunua moja. Ilimchukua miaka, na alinunua ya mkono wa pili, lakini alinunua.

Ukisoma orodha ya washindi, kila gari lina majina mawili: dereva na msoma ramani. Basi. Lakini magari hayo yalikuwa na mafundi waliolala barabarani wakingoja, spana mkononi, gari lije limevunjika hapa ama pale. Kushinda kulitegemea pia jinsi walivyokuwa wepesi. Wale hatuwajui. Na baada ya mashindano kuisha, kampuni zikaenda na vikombe, na gari lililoshinda 1971 likapelekwa kwenye mkusanyiko wa Nissan kule Zama, Japani. Z za wananchi zilibaki hapa, na zikahitaji watu wa kuzitengeneza miaka hamsini.

Nikarudi kwa gia. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kuendesha gari polepole kwenye barabara ya mtaa, mzee akiwa kando yangu. Gia zilikuwa zinaingia bila kukwaruza. Zikiingia, zinakaa, haziruki zenyewe ukiachilia mafuta. Hapo nikashuku ile hukumu ya gereji. Giaboksi ikiharibika ndani, itakwaruza ama itatema gia. Hii ilikuwa inalegea tu, na kulegea kunaweza kuwa juu, pale mkono unapokutana na giaboksi.

Tukazima, tukavuta breki ya mkono, gia ikiwa huru. Tukafungua kifuniko cha katikati ya viti na mpira unaozuia vumbi. Chini yake utaona pini moja ya chuma imepita kwenye mguu wa ule mkono, imezuiwa na klipu ndogo. Kati ya pini na mkono kunafaa kuwe na bushi za plastiki, vitu vidogo kuliko kifuniko cha soda. Kazi yake ni kuzuia chuma kisisagane na chuma. Tulipotoa pini, hatukupata bushi. Tulipata unga na vipande viwili vya kahawia vilivyokauka kama maganda ya njugu. Joto la giaboksi na miaka vilikuwa vimezimaliza.

Kitu kidogo, na sisemi kile cha polisi. Gari lilikuwa linavuka bahari kwa sababu ya kitu kidogo hicho.

Tukaenda Kariobangi Light, kwa fundi wa kukereza vyuma. Akapima tundu, akapima pini, akatuonyesha kwamba pini yenyewe imelika upande mmoja, kwa hivyo bushi mpya peke yake haingesaidia. Nikataka bushi za shaba, kwa sababu shaba inasikika ya maana. Akakataa. Alisema shaba itadumu, lakini itapeleka mtetemo wote wa giaboksi hadi kiganjani, na kwamba waliotumia plastiki hawakuwa wajinga. Akakereza bushi mbili za nailoni, na pini mpya kutoka kwa shina la bolti ngumu. Ya kwanza ilibana mno, mkono ukagoma kurudi katikati. Akaipunguza kidogo kidogo mpaka ikaingia kwa kusukumwa na kidole gumba. Tukapaka grisi. Gharama yote ilikuwa chini ya mafuta ya kujaza tangi.

Nilimuuliza alijifunza wapi. Akasema kwa mjomba wake, aliyekuwa akitengeneza Datsun enzi zile. Hakusema zaidi na sikumsukuma. Mashine yake ilikuwa inangojwa na watu watatu wengine, na kijana aliyekuwa akifagia vyuma alikuwa ananiangalia kama nimekuja kuiba kazi.

Nilikuwa nafikiri historia ya Safari imeshaandikwa, kwa sababu nimeona majina na miaka. Lakini ile gereji pia ilijua 240Z ni gari la maana. Ndiyo maana bei ilikuwa kubwa. Kitu ambacho haikujua ni pini na bushi mbili, na mtu wa Kariobangi alikuwa anakijua bila kukiandika popote. Siku akifunga ile mashine, magari yataondoka moja moja kwenda kwa wakusanyaji wa ng'ambo, na sisi tutabaki na picha za Pasaka.

Tuliporudisha mkono mahali pake, mzee aliketi akaweka ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, injini ikiwa imezimwa. Akarudia. Simu yake ikalia kwenye dashibodi, jina la broka likatokea. Aliiacha ilie mpaka ikanyamaza, kisha akaniambia nifungue geti.