Jua, ngozi na sisi wanawake wa Pwani tuliopita arubaini

Mwezi wa Januari, kaskazi imepamba moto, nilijitazama kwenye kioo cha gari nikaona shavu langu la kulia limeingia madoa ya kahawia. La kushoto safi. Nilishuku manukato, nikashuku udi, nikamshuku hata jirani na jicho lake. Daktari wa ngozi aliniuliza swali moja tu: "Dada, unaendesha gari?"

Naendesha. Asubuhi natoka Mombasa kwenda Kilifi, jioni narudi. Kwetu dereva hukaa kulia. Ukielekea kaskazini asubuhi, jua la mashariki linakupiga kulia, na ukirudi kusini jioni, la magharibi linakupiga kulia vilevile. Kioo cha dirisha huzuia sehemu kubwa ya miale inayounguza, ile iitwayo UVB. Miale ya UVA, inayozamia ndani na kuzeesha ngozi, nyingi yake hupita. Ndiyo maana mtu husafiri miaka bila kuhisi kuungua hata siku moja, kisha akakuta shavu limebadilika.

Mombasa iko kama digrii nne tu kusini mwa ikweta. Jua letu la mchana ni miongoni mwa makali kabisa duniani, na upepo wa baharini hutudanganya kwa kutupoza. Kipimo chepesi ni kivuli chako: kikiwa kifupi kuliko wewe, jua ni kali, tafuta pa kujificha. Mawingu hayalizuii lote.

Rangi yetu ni kinga, lakini si ngao kamili. Mwanamke mweusi au wa maji ya kunde hapati mikunjo mapema kama mzungu. Sisi uzee wa jua hutujia kwa madoa: kwenye mashavu, paji la uso, juu ya mdomo. Mimba huyachochea, baadhi ya dawa za kupanga uzazi huyachochea, na jua huyakoleza. Ukishapita arubaini ngozi inakonda, inakauka, na doa lililokuwa likienda lenyewe sasa linaamua kukaa.

Nenda Diani utawaona wageni wamelala mchangani wakijianika kama papa, wanataka wawe wekundu. Zamani huko kwao weupe ndio uliokuwa fahari, maana aliyeungua na jua alikuwa mkulima. Watu walipoingia viwandani na maofisini, fahari ikageuka: aliyeiva na jua ndiye mwenye pesa za likizo. Sisi tumebaki na ile ya kwanza. Lamu ya zamani mwanamke wa kiungwana alipotoka alitembea ndani ya shiraa, hema la kitambaa lililobebwa na watumwa. Yeye kivulini, wao juani. Tukisema "fulani mweupe, mzuri", mizizi ya neno hilo inafika huko, na ni vizuri tuijue.

Kutoka hapo kuna hatua ndogo kufika kwenye mkorogo. Mama mdogo wangu alianza kuupaka miezi mitatu kabla ya arusi ya bintiye, ili atoke vizuri kwenye picha. Kopo halikuwa na jina la mtengenezaji, aliuziwa dukani kwa kunong'onezwa. Mwezi wa kwanza aling'ara, wallahi sote tulimsifu, na mimi nilimuuliza ni mafuta gani. Baada ya mwaka mishipa ilionekana mashavuni, vifundo vya vidole vimekuwa vyeusi tititi, na kila alipotoka nje uso ulimwasha. Akiacha, uso unaripuka vipele, kwa hivyo alirudia kupaka.

Ndani ya makopo kama hayo mara nyingi mna mojawapo ya vitu vitatu. Steroidi hukondesha ngozi, na zikitumika kwa wingi na kwa muda mrefu zinaweza kupandisha sukari na presha. Haidrokwinoni ikipakwa muda mrefu bila daktari huweza kuleta weusi wa samawati ambao hautoki. Zebaki huharibu figo na mishipa ya fahamu, na humfikia hata mtoto anayelala na mamake. Zebaki na haidrokwinoni KEBS haziruhusu katika vipodozi, na nchi zilizo katika Mkataba wa Minamata ziliafikiana mwaka 2023 kuondoa kabisa vipodozi vyenye zebaki ifikapo 2025. Madukani bado vimo. Na hili wengi hawalijui: ngozi iliyochubuliwa imepoteza kinga yake, kwa hivyo jua la Pwani huila maradufu.

Basi tufanye nini? Kivuli kwanza, mwavuli, na nguo. Buibui la kitambaa kizito hukinga vizuri mno. Uso na viganja ndivyo vinavyobaki. Hapo paka mafuta ya kuzuia jua. Tafuta SPF 30, ambayo huzuia kama asilimia 97 ya UVB, na uhakikishe kopo limetaja UVA pia. Kwa madoa, yale yenye rangi kidogo ni bora, maana mwanga wa kawaida nao huyakoleza. Paka ya kutosha, urudie kila baada ya saa mbili ukiwa nje. Bei yake ni kilio, nakubali. Mwenye ualbino huweza kuyapata bure kupitia Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Kama unaye nyumbani, ulizia.

Udhu je? Mafuta yanayonywewa na ngozi hayana neno. Yanayoganda tabaka linalozuia maji yatolewe kwanza. Mimi huosha, nikaswali adhuhuri, kisha nikapaka upya.

Liwa na manjano vya bibi zetu hupoza na hunukia, navipenda, lakini si mafuta ya kuzuia jua. Usivitegemee juani.

Na anayejifunika sana, kutwa ndani, huenda akapungukiwa na vitamini D, hasa mifupa inapoanza kudhoofika baada ya hedhi kukoma. Simtarini wanayo, mayai yanayo kidogo. Ukiumwa na mifupa, omba upimwe damu.

Mwisho ni miguu. Saratani mbaya ya ngozi kwetu weusi ni nadra, na ikija hupenda nyayo, viganja na chini ya kucha. Bob Marley ilimwanzia kidoleni mguuni, akafa 1981 ana miaka 36. Doa jeusi linalokua, au mstari mweusi mpya kwenye ukucha mmoja, ukamwone daktari. Hina hufunika vyote hivyo, kwa hivyo tazama nyayo na kucha kabla hujapaka.