Salman Rushdie: Mwandishi aliyeishi mafichoni kwa sababu ya riwaya

MWANDISHI Salman Rushdie alizaliwa mjini Bombay, India, Juni 19, 1947, wiki chache kabla ya nchi hiyo kupata uhuru. Mwaka 1981 alitwaa Tuzo ya Booker kwa riwaya yake ya Midnight's Children.

Hata hivyo, jina lake lilivuma duniani kwa sababu nyingine. Septemba 1988 alichapisha The Satanic Verses, riwaya ambayo Waislamu wengi waliiona kuwa inamkashifu Mtume Muhammad. Februari 14, 1989, kiongozi wa Iran, Ayatollah Ruhollah Khomeini, alitoa fatwa ya kutaka mwandishi huyo na waliohusika kukichapisha kitabu hicho wauawe.

Rushdie aliingia mafichoni chini ya ulinzi wa polisi wa Uingereza. Alipotakiwa kuchagua jina la bandia, alijiita Joseph Anton, akiunganisha majina ya waandishi Joseph Conrad na Anton Chekhov. Akiwa huko alimtungia mwanawe hadithi ya Haroun and the Sea of Stories, iliyotoka mwaka 1990.

Wasiokuwa na ulinzi kama wake ndio waliodhurika. Julai 1991, Hitoshi Igarashi, aliyeifasiri riwaya hiyo kwa Kijapani, aliuawa kwa kisu katika Chuo Kikuu cha Tsukuba. Mwezi huo huo, mfasiri wa Kiitaliano, Ettore Capriolo, alijeruhiwa kwa kisu mjini Milan. Oktoba 1993, mchapishaji wake nchini Norway, William Nygaard, alipigwa risasi mjini Oslo, akanusurika.

Mwaka 1998 serikali ya Iran ilitangaza kuwa haitachukua hatua ya kumuua, ingawa fatwa haikufutwa. Rushdie alijitokeza hadharani, akahamia New York, na kati ya 2004 na 2006 aliongoza PEN ya Marekani, chama kinachotetea uhuru wa waandishi. Yeye hushikilia kuwa uhuru wa kujieleza usioruhusu maneno yanayoudhi si uhuru. Wapinzani wake husema heshima kwa mambo matakatifu ndiyo mpaka wake.

Agosti 12, 2022, akiwa jukwaani Chautauqua, jimbo la New York, kuzungumzia hifadhi kwa waandishi walio uhamishoni, alichomwa kisu mara kadhaa, akapofuka jicho moja. Mwaka 2024 alisimulia shambulio hilo katika kitabu cha Knife. Mei 2025, mshambuliaji alihukumiwa kifungo cha miaka 25.