Shamba la Ukoo, Kiwanja cha Mkuu wa Kaya

Makala nyingi juu ya ukombozi wa mwanamke huanza na unyonge wake katika mila, halafu sheria hutungwa, halafu usawa hupatikana. Mpango huo ni rahisi kukariri, lakini historia ya Morogoro inaukataa.

Katika milima ya Uluguru ardhi ni mali ya ukoo, na ukoo hufuatwa kwa mama. Shamba hutoka kwa mama kwenda kwa binti, au kwa mjomba kwenda kwa mpwa. Mume anayelima ardhi ya ukoo wa mkewe ni mgeni, na ndoa ikivunjika yeye ndiye anayefunga mizigo. Tusijidanganye, hata hivyo, kwamba huo ulikuwa utawala wa wanawake. Mgawaji wa ardhi na mwamuzi wa mashauri alikuwa mjomba. Na mke aliyelima shamba la ukoo wa mumewe aliliacha mume alipofariki, likarudi kwa wapwa wa marehemu. Mwanamke alikuwa na haki kama binti na kama dada. Kama mke hakuwa nayo.

Mikese iko chini, mashariki ya mji wa Morogoro, kando ya Reli ya Kati. Ukanda huo wa reli na mashamba ya mkonge ulikusanya Waluguru walioshuka mlimani, Wakutu, Wakwere, na vibarua kutoka mikoa ya mbali. Watu waliochanganyika hivyo hawawezi kugawana ardhi kwa ukoo mmoja. Kisha ikaja operesheni ya vijiji ya miaka ya 1973 hadi 1976. Kijiji kiligawa viwanja na mashamba kwa kaya, na jina lililoandikwa lilikuwa la mkuu wa kaya, yaani mwanamume. Binti wa Kiluguru aliyeshuka na mumewe aliiacha haki ya dada mlimani, akaingia kijijini kama mke. Hayo yalitokea ingawa Mwalimu, katika andiko lake la Ujamaa Vijijini la mwaka 1967, alikwisha kutaja unyonge wa wanawake kuwa mojawapo ya kasoro mbili za jamii yetu ya asili. Ya pili ilikuwa umaskini.

Sheria nazo zilisemaje? Tangazo la Sheria za Mila la mwaka 1963 liliunganisha mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba, na katika urithi likamweka binti daraja la tatu, nyuma ya kaka zake wote. Makabila ya ukoo wa mama halikuyagusa. Sheria ya Ndoa, namba 5 ya mwaka 1971, ilikwenda mbali zaidi: mwanamke aliyeolewa aliruhusiwa kumiliki na kuuza mali yake kama mwanamume, kumpiga mke kulikatazwa, na mahakama ilipewa uwezo wa kugawa mali iliyochumwa kwa nguvu za wote wawili. Lakini sheria hiyo hiyo iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15, na mvulana aoe akiwa na 18.

Je, kupika na kulea ni nguvu? Cuba ilijibu mapema: Sheria ya Familia ya mwaka 1975 iliwataka mume na mke washirikiane kazi za nyumbani. Kwetu jibu lilitolewa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu. Mahakama ilikubali kwamba kazi ya nyumbani ni mchango. Bi Hawa mwenyewe hakuambulia kitu, kwa kuwa ilionekana alikwisha kutapanya fedha alizopewa na mumewe aanzishe biashara.

Kwa wakulima, badiliko kubwa lilikuwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999. Ilitamka kwamba haki ya mwanamke juu ya ardhi ni sawa na ya mwanamume, ikabatilisha mila yoyote inayomnyima ardhi, na ikataka Baraza la Ardhi la Kijiji lenye wajumbe saba liwe na wanawake wasiopungua watatu. Watungaji, ni dhahiri, walikuwa na mila za ukoo wa baba akilini. Mbele ya baraza la Mikese anaweza kusimama mjane wa Kiluguru akidai shamba alilolima na marehemu, na dada wa marehemu akilidai kwa ukoo. Wote wawili ni wanawake, na kila mmoja ataitaja sheria hiyo hiyo.